Nimeishika Diwani ya Muyaka, Kizingitini

Nimeishika! Naandika vidole vingali vinanukia udi, na sijui pa kuanzia, basi nianze na ukurasa wa jina, maana huo ndio ulionikalisha sakafuni kabla mwenyeji wangu hajamaliza kunikaribisha. Umeandikwa Kiswahili kitupu: Diwani ya Muyaka bin Haji Al-Ghassaniy, pamoja na khabari za maisha yake ambazo zimehadithiwa ni W. Hichens. Johannesburg, chapa ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand, 1940. Litazameni neno moja tu hapo, dogo kuliko yote: ni. Hakusema "zimehadithiwa na Hichens". Amesema "ni Hichens", kama asemavyo mtu wa Mombasa, kama asemavyo mtu wa Amu, yaani Lamu, kama alivyosema kijana aliyenipokea mzigo gatini asubuhi ile, akaniambia ametumwa ni babake. Kitabu kimepigwa chapa mwisho wa Afrika, dunia ikiwa vitani, na bado kinabisha hodi kwa Kiswahili cha kaskazini. Nilikwisha kutekwa kabla sijafunua ubeti wa kwanza.

Sikuja Kizingitini kutafuta vitabu. Nilikuja arusini. Niliondoka Amu alfajiri, na anayeijua njia ya kisiwa cha Pate anajua kwamba safari ile haipangwi kwa saa, hupangwa kwa maji: Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, ukishakauka, nahodha hana la kufanya ila kukaa akingoja bahari irudi kwenye mikoko. Tulibahatika. Tulipita maji yangali juu, tukateremsha watu Faza, na kabla ya adhuhuri tukafunga Kizingitini, pwani imejaa mashua na nyavu, na vijana wa kupiga mbizi wanapanda na kamba wakubwa wa miambani, wanapimiwa, wanalipwa, wananung'unika. Huu ni mji wa bahari. Ukiuliza habari za vitabu unaweza kuoneshwa msikitini au skuli. Mimi hata sikuuliza. Mzee mmoja wa arusi, tukila pilau, ndiye aliyesema kwamba Maalim wa mtaa wa pili ana "kitabu cha matukano ya wazee", na kwamba baadhi ya jamaa zake hawapendi kisomwe mbele ya watoto.

Matukano ya wazee! Pilau sikuimaliza.

Maalim alikitoa kwenye kasha, kimefungwa leso, na leso imefukizwa udi ili wadudu wasikisogelee. Jalada lake halionekani, kwa sababu babake, aliyefanya kazi bandarini Mombasa na kukinunua huko, alikivika karatasi ya kaki na kukishona mgongo kwa uzi wa nyavu. Naam, uzi wa nyavu, mishono mifupi iliyobana, ya mtu aliyezoea kuziba tundu ambalo samaki asilione. Kurasa zimegeuka rangi ya chai ya rangi. Pembe za chini zimelainika kama kitambaa, na ulaini huo ni wa vidole, si wa unyevu. Katika baadhi ya kurasa mdudu ametoboa njia yake kutoka ubeti hadi ubeti. Na pembeni, loo, pembeni kuna maandishi ya penseli, madogo, kwa herufi za Kiarabu, ya mtu aliyekuwa akibishana na kitabu neno kwa neno. Nitarudi kwenye penseli hiyo, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nisilale.

Kwanza niwaambie kwa nini kitabu hiki ni cha kutetemekewa. Muyaka bin Haji aliishi Mombasa tangu karibu na 1776 hadi karibu na 1840, siku za Mazrui waliotawala mji kutoka Fort Jesus wakikataa kumwinamia Sayyid Said, mtawala wa Omani. Kabla yake, mashairi makubwa yaliyotufikia ni zaidi ya dini: tendi za Mtume na masahaba, nyiradi, mawaidha. Hapa hapa kisiwani Pate ndipo Mwengo wa Athumani alipotunga Utendi wa Tambuka mwaka 1728, na ni magofu ya Pate yanayoliliwa katika Al-Inkishafi. Muyaka akalichukua shairi la mishororo minne, akalitoa uani na msikitini, akalipeleka sokoni. Akatunga juu ya mapenzi, juu ya nyumba na jikoni, juu ya umaskini wake, na juu ya siasa za mji, na alipofika kwenye siasa ulimi ukawa wembe. Aliwarushia vijembe maadui wa Mombasa, waliojisifu kabla ya kupigana, walioahidi wasitimize, waliolala upande huu wakaamka upande ule. Alikuwa na kipawa cha kumvua mtu nguo mbele ya watu bila kumgusa.

Na yote hayo yalikaribia kupotea. Muyaka hakuacha kitabu. Aliacha mashairi midomoni mwa watu, na midomo huzikwa na wenyewe. Aliyeyaokoa ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi wa Mombasa, naye mshairi, aliyekusanya na kuandika kwa herufi za Kiarabu kila alichokisikia, akishirikiana na mmisionari William Ernest Taylor, yule aliyetoa mkusanyo wa methali za Kiswahili mwaka 1891. Sikujua alifariki 1890, nusu karne tu baada ya Muyaka mwenyewe. Hesabuni: angechelewa miaka ishirini, wangekuwa wamebaki wangapi waliomsikia Muyaka kwa masikio yao? Karatasi zikavuka bahari hadi London, ziko hadi leo katika maktaba ya SOAS, na huko William Hichens akazifanyia kazi. Hichens huyo ndiye aliyeshirikiana na Alice Werner kutoa utendi wa Mwana Kupona mwaka 1934, na ndiye aliyetoa Al-Inkishafi mwaka 1939. Huku Lamu, Muhamadi Kijumwa alikuwa akimnakilia hati kwa mkono wake mzuri na kuzituma kwa meli. Mwaka mmoja baada ya Al-Inkishafi ikaja Diwani hii, katika mfululizo wa Witwatersrand uliofunguliwa 1935 na mashairi ya Kizulu ya B. W. Vilakazi. Karne nzima tangu mshairi kufa hadi beti zake kushika wino wa chapa!

Mimi ni mpenzi wa vitabu vya kejeli vya zamani, wa lugha yoyote, na kwa miaka mingi kitabu nilichokiota kilikuwa cha Kilatini. Mwezi Agosti 1501 mpiga chapa Aldus Manutius wa Venice aliwatoa Juvenal na Persius pamoja katika kitabu kidogo cha kushikwa kwa mkono mmoja, kwa herufi za kulala zilizochongwa na Francesco Griffo. Kabla ya hapo washairi hao wa Kirumi walizoeleka katika vitabu vizito vya mezani, ubeti mmoja katikati na maelezo ya wataalamu yameuzunguka kama ua wa miba. Aldus akaung'oa ua. Juvenal anayelaani nyumba za Roma zinazoanguka na kuungua usiku, Persius aliyekufa kabla ya kufikisha miaka ishirini na minane akaacha kejeli sita tu ambazo rafiki zake ndio waliozitengeneza na kuzitoa, wote wawili wakaingia mfukoni mwa msafiri. Nimekiona kitabu hicho kwa picha, nimekitamani kwa picha. Leo nasema bila kusita: ningewekewa vyote viwili juu ya mkeka wa Maalim, mkono wangu ungekwenda kwenye kile chenye uzi wa nyavu. Juvenal namsoma nikiwa na kamusi. Muyaka ananirushia neno, nami nageuka kutazama kama ni mimi niliyekusudiwa.

Ukubwa wake nao umenifurahisha. Ni kitabu cha kubebwa, cha kukaa kwapani mtu akienda barazani. Beti zimepangwa zikapumua, hazikubanwa, na jicho linauona mgawanyo wa shairi hata kabla ya kusoma: kila mshororo mizani kumi na sita, nane na nane, kina cha kati na kina cha mwisho vinashuka vimenyooka kama mishono ya mtepe. Wahenga wa visiwa hivi walishona vyombo vyao kwa kamba ya nazi bila msumari hata mmoja, na nikitazama ukurasa wa Muyaka naona ufundi wa aina ileile. Vuta uzi mmoja, chombo kizima kinafunguka.

Lakini yote hayo ni macho. Baada ya isha ndipo nilipokijua kitabu.

Tulikaa kwenye daka la Maalim: yeye, fundi wa mashua, vijana wawili wapiga mbizi waliokuwa wakingojea kahawa, na mimi. Bi mkubwa wa nyumba alikaa ndani ya mlango, upande wa pili wa kizingiti, na taa ya jua ikawekwa katikati. Nikasoma mimi kwanza. Walinisikiliza kwa adabu. Maalim akanyoosha mkono, akasema, "Lete, mwanangu. Hiki hakisomwi hivyo." Akaanza, kwa sauti ya chini, kwa mahadhi ya kuvuta, na mara nikaelewa jambo ambalo miaka yote ya kusoma kimyakimya haikunifundisha.

Ni hili. Katika ubeti wa kwanza, kina kikishasikika mara moja, msikilizaji anajua mshororo unaofuata utaishia kwa sauti gani. Anajua silabi, ila neno halijui. Basi anangoja, na katika kungoja kule anajaribu maneno kichwani mwake, moja, mawili, matatu, yote ya heshima. Mshairi naye anakuja na la nne, lile ambalo kila mtu alilifikiria kwa nusu nukta akalisukuma kwa haya. Hapo ndipo kijembe kinapoingia. Vijana wale walikuwa wakicheka kabla Maalim hajafika mwisho wa mstari! Fundi wa mashua alikuwa akipiga paja lake katikati ya mizani ya kumi na mbili! Na mshororo wa nne, ambao mara nyingi huchukua kina cha mwisho na kukirudisha katikati, uliwajia kama mkono uliotokea upande wasioutazamia. Msomaji aliye peke yake hakosi maana, lakini anaikosa ile mizani minne ya kungoja pamoja, na bila kungoja pamoja kejeli ni habari tu ya mtu kumsema mtu.

Nilidhani lugha itawapa taabu. Kisiwa kimoja hiki kina Kipate upande wa magharibi, Kisiu katikati na Kitikuu cha Wabajuni huku, na Muyaka alitunga kwa Kimvita. Nilikuwa nimejiandaa kueleza maneno. Sikueleza hata moja. Pale ambapo mimi ningetafuta maana ya "nti" au "ndia", wao walikwisha kupita na wanangoja mbele. "Sisi twasema vyetu," Maalim akaniambia, "lakini vya Mvita na vya Amu twavisikia tangu utotoni, kwa jirani na kwa chomboni." Kwa chomboni! Hiyo ndiyo kamusi yao. Mtu aliyekaa wiki mbili baharini na baharia wa Mombasa hahitaji maelezo chini ya ukurasa.

Tena kuna jambo la damu hapa. Karibu na 1812 Mombasa ya Mazrui na Pate ziliungana kuishambulia Amu, wakateremka Shela, wakavunjwa vibaya, na hadithi ya Amu inasimulia kwamba maji yalitoka, vyombo vikakaa mchangani, waliotaka kukimbia wakakosa pa kukimbilia. Kutokana na vita vile Waamu walimwita Sayyid Said, na historia ya pwani nzima ikageuka. Lakini kabla na baada ya mikuki yalikwenda mashairi. Muyaka wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Amu walitupiana beti kama watu wanaotupiana mawe juu ya ukuta, na kila ubeti uliofika uling'olewa meno ukarudishwa na meno mapya. Niliposema hayo barazani nilisahau niko wapi. Niko kisiwa cha Pate! Fundi wa mashua alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Siku ile sisi tulikuwa na Mombasa." Sisi. Miaka mia mbili na zaidi, na mtu anasema sisi. Akamtaka Maalim arudie, na safari hii hakucheka aliposikiliza. Alisikiliza kama anayesikia barua ya babu yake ikisomwa, barua iliyoandikwa kabla ya kushindwa, ambayo ndani yake bado kuna kujiamini kwingi.

Nimesoma juu ya vita hivyo mara ngapi sijui. Ipo kazi nzuri ya Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff, Mashairi ya Vita vya Kuduhu, ya mwaka 1995, iliyoyaweka majibizano ya pande zote mahali pamoja, na anayetaka kumsikia Zahidi akijibu aitafute kwa hali na mali. Mohamed Abdulaziz naye alitoa kitabu chake juu ya Muyaka Nairobi mwaka 1979, chenye tafsiri ya Kiingereza na maelezo ya mazingira ya mashairi, na bila yeye wengi wetu tungekuwa gizani. Vitabu hivyo viwili ni mwalimu. Diwani ya 1940 ni kitu kingine: ni mwenyewe Muyaka anakuja kwako akiwa na Kiswahili tu, na aliyemsindikiza naye anasema Kiswahili. Mwaka 1940! Siku ambazo hati nyingi za lugha yetu zilichapwa zikiwa zimevikwa utangulizi wa Kiingereza, huyu Hichens alisimulia maisha ya Muyaka kwa lugha ambayo Muyaka angeweza kuisikiliza na kuisahihisha.

Sasa penseli. Nimeahidi kurudi.

Babake Maalim alikisoma kitabu hiki kwa herufi za Kirumi lakini alifikiri kwa herufi za Kiarabu, na pembeni aliyarudisha maneno kwenye mwandiko wa zamani ili kuona yangeweza kusomwa vipi vingine. Huo ni ustadi wa ajabu, nao una sababu. Hati za zamani za Kiswahili hazikutenganisha e na i, wala o na u. P mara nyingi iliandikwa kwa be, na mb pia ikaandikwa kwa be. Mtu akiandika "oa" na akiandika "ua" karatasi inaonesha kitu kimoja! Kwa mtunga mawaidha hilo ni usumbufu. Kwa mtunga kejeli ni hazina, kwa sababu kijembe kizuri kina makali pande mbili, na mwandiko ule uliyaacha yote mawili wazi, msomaji akachagua kwa kuangalia nani yupo barazani. Chapa haiwezi kufanya hivyo. Chapa lazima ichague herufi moja. Kila ukurasa wa Diwani hii umejaa uchaguzi wa aina hiyo, uliofanywa kwa makini na watu waliojua kazi yao, na kila uchaguzi umefunga mlango mmoja. Penseli ya mzee yule ilikuwa ikipita mlango kwa mlango ikijaribu komeo.

Sehemu moja Maalim alisimama, akasoma ubeti kama ulivyochapwa, kisha akausoma kama babake alivyoupendekeza. Herufi moja tu imebadilika. Ule wa kwanza ulikuwa lawama ya heshima. Wa pili ulimfanya bi mkubwa ndani ya mlango aseme "Astaghfirullahi" na kucheka kwa wakati mmoja. Kisha akatoa hoja yake, na nataka iandikwe: alisema wanaume hudhani vijembe ni vya vitabu vyao, lakini yeye ana kasha zima la leso, na kila leso ina neno lake, na kuna siku alivaa leso moja akapita mtaani bila kufungua mdomo na ugomvi wa miaka mitatu ukaisha. Nakubaliana naye kwa moyo wote. Leso za Mombasa zenye jina la "Mali ya Abdulla" zimepeleka kejeli iliyochapwa katika nyumba nyingi kuliko kitabu chochote cha mashairi ya Kiswahili. Muyaka angekuwa hai leo, nina hakika kuna leso zingetoka na maneno yake.

Kasoro? Ipo, na inaniuma kwa sababu nakipenda kitabu. Mashairi mengi yametufikia yamepoteza anwani. Unaliona jeraha, unaona lilivyochimba, lakini aliyejeruhiwa hayupo. Nani huyu aliyejigamba? Nani huyu mwenye nyumba kubwa na roho ndogo? Barazani kwake Muyaka hakuna aliyehitaji kutajiwa, kwa sababu mtu mwenyewe huenda alikuwa akipita njiani na kanzu yake. Sikujua aliyahifadhi maneno, na ni muujiza kwamba aliyahifadhi, lakini waliokuwa wakipepesa macho na kuonyeshana kwa kidevu hawakuandikika. Fundi wa mashua aliuliza mara mbili, "Sasa huyu amsema nani?" Maalim akasema hajulikani. Fundi akatikisa kichwa kama mtu aliyeoneshwa ndoana nzuri isiyo na mshipi.

Na bado, na bado! Vijana wale wapiga mbizi, ambao kwa saa ya kwanza walikuwa wakinywa kahawa tu, ndio waliotaka isomwe zaidi. Mmoja wao alikuwa na hasira ya mchana kutwa: kamba wake walikataliwa nusu kwa kisingizio cha udogo, kisha akawaona kamba walewale wakipakiwa kwenye barafu. Alimtaka Maalim arudie ubeti mmoja wa mtu mwenye ahadi tamu na mkono uliofumba. Ukarudiwa. Akataka tena. Akawa anahesabu kwa vidole juu ya goti, nane, halafu nane, midomo inatembea bila sauti. Sikumjali wakati ule. Nilikuwa nimeinamia penseli.

Anayetaka kukinunua kitabu hiki asiende Kizingitini kusumbua mtu. Maalim hauzi na nilipouliza aliniangalia kama niliyeuliza bei ya msikiti. Nakala za 1940 hupatikana kwa nadra, maktaba za vyuo vikuu zinazo, na mimi tangu kurudi kwangu nimekwisha kuandika barua tatu. Ninachoomba kwa wachapishaji wetu wa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam ni toleo jipya lenye kurasa mbili zinazotazamana, upande mmoja chapa ya Hichens kama ilivyo, upande wa pili picha ya hati ya herufi za Kiarabu, ili kila msomaji apate penseli yake. Kuna watoto wa chuo katika kisiwa hiki kimoja tu ambao wangeweza kuzisoma zote mbili kabla ya kufikisha miaka kumi na miwili. Abdilatif Abdalla alitunga Sauti ya Dhiki gerezani kwa mizani zilezile za Muyaka, ikachapwa 1973. Uzi haujakatika. Wanaohitaji kitabu hiki wapo hai, wana sauti, na usiku ule niliwasikia.

Nilitoka alfajiri ili tuwahi maji ya Mkanda. Maalim alikuwa amekwisha kukifunga kitabu katika leso yake, akakirudisha kashani, akanisindikiza hadi pwani mikono mitupu. Mashua ilikuwa mbali kidogo na ufuo, nikavuka kwa miguu suruali nimeikunja. Yule kijana wa kamba alikuwa ndani ya maji hadi kiunoni, anaosha miwani yake ya kupigia mbizi, na aliponiona akasema, "Ami, sikiliza." Akautoa ubeti wa jana, mishororo yote minne, kwa mahadhi ya Maalim. Mishororo mitatu ilikuwa ya Muyaka, kama ilivyochapwa Johannesburg. Katika wa nne aliondoa maneno manne, na mahali pake akatia jina la mnunuzi, kisha la mizani yake ya kupimia, kisha barafu. Nikahesabu kwa vidole nikiwa nimeshika ukingo wa mashua. Nane. Nane. Kina kilikaa. Wenzake wawili waliokuwa wakisukuma chombo waliacha kusukuma.

"Rudia," mmoja wao akamwambia.